Sahani Moja, Miili Miwili

Ndugu msomaji, tuanze na majirani wawili. Majina tumeyatunga sisi, lakini watu wa namna hii wapo katika kila kijiji. Tuwaite Masanja na Magesa. Wanakaa Ukerewe, kando ya Ziwa Victoria.

Masanja ni mvuvi wa dagaa. Ni mwembamba kama kasia. Magesa ana duka pale mwaloni, naye ana kitambi cha kutosha. Tangu utoto wao wamekula chakula cha namna moja: ugali wa udaga, dagaa, mlenda, siku ya bahati sato, na wakati wa njaa michembe.

Siku moja Magesa alianza kuona kiu isiyokwisha. Usiku akawa anatoka kukojoa mara nne, mara tano. Akaenda hospitali, akapimwa damu, akaambiwa ana ugonjwa wa kisukari. Daktari akamwambia: "Mzee, punguza uzito. Punguza ugali, acha soda, tembea kwa miguu." Magesa akafuata, akapata nafuu.

Mwaka uliofuata Masanja naye akaanza kiu na kukojoa. Wenzake wakamcheka. "Wewe na wembamba huo, kisukari umekitoa wapi? Huo ni ugonjwa wa wenye vitambi." Masanja akaona haya kwenda kupima. Akaamua kimya kimya kufanya kama Magesa: akapunguza ugali, akawa anakula mara moja kwa siku. Basi akazidi kukonda. Mwishowe alivushwa kwa mtumbwi kupelekwa hospitali, hajitambui.

Kosa la Masanja lilikuwa nini? Alipewa shauri zuri, lakini shauri lenyewe lilikuwa la mtu mwingine. Ni sawa na mtu aliyevaa suruali ya jirani bila kujipima. Katika makala haya tutaeleza kwa nini chakula kimoja, au shauri moja la chakula, linaweza kumfaa mtu huyu na kumdhuru yule. Mambo haya wataalamu wanayachunguza sana siku hizi, na baadhi ya uchunguzi huo umefanywa hapa hapa Mwanza.

ELIMU YA FUNDI CHEREHANI

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kusoma vitabu na kujadiliana. Tulijifunza kwamba mwili unahitaji vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kutia nguvu na vyakula vya kulinda mwili. Mafunzo hayo ni ya kweli mpaka leo. Hakuna mtaalamu aliyeyafuta.

Lakini mafunzo yale yalikuwa ya watu wote kwa pamoja. Sasa wataalamu wanauliza swali la pili: je, huyu mtu mmoja, mwenye mwili huu, umri huu na magonjwa haya, chakula gani kinamfaa? Elimu hii tunaweza kuiita lishe mahususi. Kazi yake ni kama ya fundi cherehani. Fundi hakati kitambaa mpaka ampime mtu kiuno, bega na urefu.

Mwaka 2015 wataalamu wa Taasisi ya Weizmann ya nchini Israeli walitoa matokeo ya kuwapima watu 800. Kila mtu alivalishwa kifaa cha kupima sukari mwilini mchana na usiku kwa muda wa wiki moja. Ikaonekana kwamba mkate ule ule ulipandisha sana sukari ya mtu mmoja, na mwingine haukumpandishia kitu. Mwaka 2020 wataalamu wa Uingereza nao walitoa matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa mapacha. Kumbe hata mapacha wa kufanana kabisa, waliokula chakula kile kile, damu zao hazikuonyesha majibu yale yale!

Haya, kama mapacha wanatofautiana, Masanja na Magesa itakuwaje?

UGALI UNAKWENDA WAPI?

Ili tuelewe, tufuate tonge la ugali. Ukishalimeza, tumbo na utumbo hulisaga mpaka likawa sukari. Sukari hiyo huingia katika damu, na damu huisambaza mwili mzima. Lakini sukari haiwezi kuingia kwenye misuli yenyewe tu. Ni lazima mlango ufunguliwe. Ufunguo wa mlango huo unaitwa insulini, nao hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo.

Kisukari hutokea kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza, ufunguo upo lakini kitasa kimekuwa kizito. Mara nyingi huwapata watu wenye mafuta mengi tumboni. Huyo ndiye Magesa. Akipunguza uzito, kitasa kinalainika. Njia ya pili, kitasa ni kizima lakini funguo ni chache, maana kongosho limechoka au tangu mwanzo halikujengwa imara. Huyo anaweza kuwa Masanja. Ukimwambia apunguze kula ili akonde, unamwongezea ugonjwa, kwa kuwa tatizo lake halikuwa unene.

Je, hii ni hadithi tu? Hapana. Kuanzia mwaka 2016, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa nchi za nje, waliwapima watu wazima wapatao 1,900 wa huku kwetu. Baadhi yao walikuwa na virusi vya UKIMWI, wengine hawakuwa navyo. Walichunguza sukari na insulini katika damu zao. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2021 ilionekana kwamba kwa wengi wenye kisukari tatizo kubwa lilikuwa kongosho kutoa insulini pungufu. Hali hiyo si ile inayosimuliwa zaidi katika vitabu vya Ulaya na Marekani, ambako mgonjwa wa kawaida wa kisukari cha ukubwani ni mtu mnene.

Kwa nini kongosho la mtu mwembamba lichoke? Wataalamu wengi wanaona sababu moja ni utapiamlo, hasa wa tumboni mwa mama na wa utotoni. Mtoto asipopata chakula cha kutosha, mwili hujenga kwanza vile visivyoweza kungoja, kama ubongo. Viungo vingine hujengwa kwa mabaki. Akiwa mtu mzima anakuta ameanza maisha na ghala dogo la funguo.

Jambo hili limekuwa na ubishi mrefu. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kisukari kinachotokana na utapiamlo kuwa aina ya peke yake. Mwaka 1999 likakiondoa katika orodha, kwa kuwa ushahidi ulionekana hautoshi. Mwaka 2025, katika mkutano uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua tena, likakiita kisukari aina ya tano. Kwa hiyo tangu 1999 mpaka 2025 ugonjwa wa akina Masanja haukuwa hata na jina kwenye orodha kubwa za dunia. Msishangae basi kama jirani anacheka.

BISKUTI ZA MWANZA

Tuangalie mfano wa pili wa hapa hapa nyumbani. Mgonjwa wa kifua kikuu hukonda sana. Wataalamu wa Mwanza wakajiuliza: tukimpa mgonjwa biskuti yenye vitamini na madini mengi kila siku, pamoja na dawa zake, je, atapata nguvu upesi? Wakawagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa biskuti yenye vitamini na madini hayo, wengine biskuti isiyo na nyongeza hiyo. Wakawapima uzito na nguvu ya mkono katika kukaza ngumi.

Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Kwa wagonjwa wasiokuwa na virusi vya UKIMWI, biskuti yenye vitamini iliongeza uzito na nguvu ya mkono. Kwa wagonjwa wenye virusi, haikuleta faida hiyo. Biskuti ni ile ile, ugonjwa wa kifua ni ule ule, mji ni ule ule. Kilichotofautiana ni hali ya mwili uliopokea.

Tafadhali tusielewe vibaya. Hatusemi kwamba mwenye virusi asile vizuri. La, anahitaji chakula cha kutosha, tena kuliko wengi. Tunachosema ni kwamba vitamini za nyongeza haziwezi kushika nafasi ya dawa zake, na kwamba kinachomfaa mgonjwa mmoja si lazima kimfae mgonjwa wa kitanda cha pili.

CHUMA CHA PEMBA

Mfano wa tatu unauma zaidi, maana ulihusu watoto. Sote tunajua upungufu wa damu unavyowasumbua watoto. Damu inahitaji madini ya chuma, ambayo tunayapata katika nyama, maini, dagaa na maharage. Basi ilionekana ni jambo jema kuwapa watoto wote vidonge vya chuma. Nani angekataa?

Kisiwani Pemba ulifanyika uchunguzi mkubwa wa watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Pemba wakati huo malaria ilikuwa nyingi. Wengine walipewa chuma na vitamini iitwayo foliki, wengine hawakupewa. Mwezi Agosti 2003 wasimamizi wakasimamisha kutoa chuma. Kwa nini? Waliona watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa ongezeko hilo lilikuwa asilimia 12.

Lakini ngojeni, hadithi haijaisha. Kundi dogo la watoto lilikuwa limepimwa damu tangu mwanzo. Katika kundi hilo, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na wa damu walifaidika na vidonge. Ina maana kidonge kile kile kilimsaidia aliyepungukiwa, na kwa wengine kilileta hatari. Tofauti ingejulikana kwa tone moja la damu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na huduma za kuzuia, kutambua na kutibu malaria. Sisi wa kando ya ziwa tunajua malaria ni nini, kwa hiyo neno hili linatuhusu. Na akina mama wajawazito wasikie vizuri: vidonge vya chuma mnavyopewa kliniki endeleeni kumeza kama mlivyoelekezwa. Uchunguzi wa Pemba haukuwa wa wajawazito. Ubaya ni kumnunulia mtoto chuma dukani kwa kubahatisha, kwa sababu mtoto wa jirani alinenepa.

MAZIWA YA MJOMBA

Tofauti nyingine tunazaliwa nazo. Chukua maziwa mabichi ya ng'ombe. Wapo wanaokunywa kata nzima na kwenda zao kuchunga. Wapo ambao kikombe kimoja tu tumbo linanguruma na kuharisha. Watu husema, "Huyo ana deko." Si deko, ndugu.

Maziwa yana sukari yake. Mtoto mchanga huzaliwa na uwezo wa kuisaga, na kwa watu wengi duniani uwezo huo hupungua wanapokua. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani, wakishirikiana na wa Muhimbili na wengineo, walitoa matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua mabadiliko ya urithi yanayowawezesha baadhi ya watu kuendelea kusaga maziwa hata ukubwani. Mabadiliko hayo yalienea hasa kwa watu wa jamii za wafugaji, katika miaka ipatayo 7,000 iliyopita, kwa kuwa aliyeweza kunywa maziwa wakati wa njaa na kiu alipona.

Kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuwa na mjomba anayeyaweza na mpwa asiyeyaweza. Mpwa asilazimishwe. Ajaribu maziwa ya mgando, maana wadudu wanaogandisha maziwa huwa wameshakula sehemu ya sukari ile. Na asipoyaweza hayo pia, dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anampa madini ya kujenga mifupa ambayo wengine huyapata kwenye maziwa.

MUHOGO WA TARIME

Mpaka hapa tumesema juu ya mwili. Lakini hata chakula chenyewe hakiji peke yake. Kinakuja na matayarisho yake, na kinakuja na kitoweo chake.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, walianza kupooza miguu ghafla. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Waliopatwa zaidi ni watoto na akina mama. Wataalamu waliochunguza walitambua kuwa ni ugonjwa uitwao konzo, uliojulikana tangu zamani huko Kongo. Miguu iliyopooza kwa konzo hairudi tena kuwa kama zamani.

Muhogo mchungu una sumu. Kwa kawaida mama zetu huitoa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika kwa siku kadhaa. Lakini mwaka ule mahindi yalikauka, njaa ilibana, na watu wakafupisha kazi ili wapate ugali upesi. Sumu ikabaki.

Sasa swali: mbona si wote waliokula walipooza? Mwili una njia yake ya kuondoa sumu hiyo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji viini vinavyopatikana katika vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, nyama, mayai na maharage. Aliyekula ugali wa muhogo na samaki alikuwa na silaha. Aliyekula ugali na majani matupu siku hadi siku hakuwa nayo. Na katika nyumba nyingi, kitoweo kikiwa kidogo, nani anakosa? Tuseme ukweli: ni mama na mtoto. Katika nyumba yenye chungu kimoja, sahani zilikuwa tofauti.

Wapo wataalamu waliobuni njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga. Changanya unga wa muhogo na maji mpaka ulowe. Utandaze mwembamba, usizidi unene wa kidole, juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5. Kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Njia hii ni nyongeza tu. Kuloweka na kuvundika kusiachwe.

WIKI MBILI ZA KILIMANJARO

Msomaji mmoja atauliza: kama ni urithi, utoto na magonjwa, basi nimeshafungwa, nifanye nini? La, hukufungwa. Mwili unabadilika, tena upesi kuliko tulivyodhani.

Mwaka 2025 wataalamu wa Kilimanjaro, pale KCMC, na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walitangaza uchunguzi wao juu ya wanaume 77 wenye afya nzuri. Wanaume 23 wa vijijini, waliozoea ndizi, maharage, mboga na nafaka za asili, walilishwa chakula cha kizungu kwa wiki 2: soseji, mkate mweupe, chipsi na vingine vya namna hiyo. Wengine 22 wa mjini walirudishwa kwenye chakula cha asili cha Kilimanjaro kwa wiki 2. Kundi la tatu la watu 22 lilikunywa mbege kwa wiki 1. Waliobaki, watu 10, waliendelea na chakula chao cha siku zote ili wawe wa kulinganishia.

Waliobadilishiwa kwenda kwenye soseji na chipsi, damu zao zilionyesha dalili nyingi zaidi za mwili kuwaka moto ndani kwa ndani, na askari wa mwili wakawa wazito kupambana na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, moto ule ulipungua. Wiki 4 baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. (Wanywaji wasishangilie mbege. Wataalamu walikuwa wanachunguza uchachu wa ndizi na nafaka. Hawakusema watu walewe.)

Hapa kwetu tuna chakula chetu cha asili: uwele, mtama, viazi vitamu, matobolwa, mlenda, kunde, choroko, dagaa na samaki wa ziwa. Siku hizi kijana wa mwaloni akipata hela anakimbilia chipsi na soda, anaona dagaa ni chakula cha shida. Dagaa wengine wanapakiwa kwenda kulisha kuku wa mijini, na mtoto wa mvuvi anakula ugali na chumvi. Tufikirie hapo.

SASA TUFANYE NINI?

Mashine za wataalamu wa Israeli na Uingereza hazijafika kijijini, na labda hazitafika kesho. Lakini kupima hakuanzii kwenye mashine kubwa. Tuzingatie haya:

1. Jipime kabla ya kuiga. Ukiwa na kiu isiyokwisha, unakojoa mara kwa mara, unakonda bila sababu, unaona ukungu machoni au kidonda hakiponi, nenda kituo cha afya upimwe sukari. Mnene nenda, mwembamba nenda.

2. Ukiambiwa una kisukari, muulize mganga: "Je, mimi ninatakiwa kupunguza uzito au kuongeza?" Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha. Na usiache dawa au insulini kwa sababu umejisikia nafuu.

3. Mtoto apelekwe kliniki apimwe uzito, na mkono upimwe kwa utepe. Akionekana hana damu, apimwe damu na malaria kwanza. Tena ulizeni juu ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huku kanda ya ziwa upo kwa wingi. Mtoto wa selimundu asipewe chuma bila ya shauri la daktari.

4. Jihadharini na wauzaji. Kwenye mabasi, kwenye minada na siku hizi kwenye simu, wanapita watu na makopo ya unga, wanasema unatibu kisukari, presha, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo. Umeona wapi fundi anayeshona suruali moja ya kuwaenea watu wote wa kijiji? Anayekuuzia dawa ya chakula bila kukupima, anapima mfuko wako tu.

5. Gawa kitoweo kwa haki. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapate samaki na maharage kwanza. Baba hatapungukiwa heshima.

6. Tumia daftari. Hili ndilo letu sisi tuliojua kusoma na kuandika. Chora mistari minne: tarehe, nilichokula, nilivyojisikia, uzito au kipimo nilichopewa. Andika kwa mwezi mmoja. Ukienda kwa daktari, mpe asome. Yeye ana dakika chache tu za kukuona, na daftari litamsimulia siku 30. Mtu asiyekumbuka alikula nini juzi, atajuaje kinachomdhuru?

Tumrudie Masanja. Tulimwacha hospitali. Hapo alipimwa, ikaonekana mwili wake una insulini kidogo mno. Akapewa insulini, akaambiwa ale ugali wake mara tatu kwa siku, kwa kiasi kile kile na saa zile zile, pamoja na samaki na mboga. Yaani kinyume kabisa cha alichokuwa anafanya. Akaongezeka kilo, akarudi ziwani. Siku hizi jioni Magesa anapita mbele ya nyumba yake akitembea kwa miguu kupunguza kitambi, na Masanja ameketi anakula. Kila mmoja anafuata dawa yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chako, watu wembamba wenye dalili za kisukari huambiwa nini na majirani?

2. Kwa nini vidonge vya chuma viliwasaidia baadhi ya watoto wa Pemba, na wengine vikawaletea hatari?

3. Kitoweo kikiwa kidogo nyumbani kwako, nani anakosa? Mnaweza kubadili nini wiki hii?

4. Anza daftari lako leo. Baada ya mwezi mmoja, someaneni kikundini, mwone kama miili yenu inasema mamoja.